Kutoka spana boi hadi opereta: mwongozo kamili wa kufundisha watu wa mitambo Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu, kuanzia Kitonga hadi Tunduma, maopereta wengi hawakutoka darasani. Kijana anaanza kama spana boi: anapiga grisi, anaosha mtambo, anatumwa chai, akipata nafasi anasimama pembeni kuangalia mikono ya opereta. Siku opereta akiugua au akigombana na bosi, kijana anaambiwa, "Si huwa unaona anavyofanya? Panda." Kuanzia hapo naye anaitwa opereta.

Ubaya wa njia hiyo kila mtu anaujua, lakini sishauri uifute. Spana boi aliyekaa na mtambo anaujua kwa sauti na kwa harufu, wakati kuna vijana wenye vyeti safi ambao hawajawahi kushika pampu ya grisi, na pini za baketi zinakwisha mikononi mwao ndani ya miezi michache. Kinachokosekana ni ngazi: nani apande lini, apimwe nini kabla ya kupanda, na nani mwenye mamlaka ya kumshusha. Nimeandika kwa ajili ya mkandarasi mdogo au fomeni mwenye eskaveta moja au mbili, greda, rola na tipa chache, anayetaka kutengeneza watu wake mwenyewe. Nitakaa zaidi kwenye eskaveta kwa sababu ndiyo iko kila mahali, kwenye mitaro ya maji Mafinga na kwenye mashimo ya dhahabu Chunya.

Kuchagua mtu na kuweka karatasi sawa

Eskaveta haitaki misuli. Inataka macho, shingo inayogeuka na mgongo usiouma. Mpeleke kijana akapimwe afya kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iko mikononi mwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na upimaji wa afya za wafanyakazi ni jambo ambalo wakaguzi wao huliulizia. Sehemu yako ya kazi iwe imesajiliwa, na kijana awe ameingizwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla hajagusa liva. Leseni pia: daraja lake liwe linaruhusu mtambo atakaouendesha. Leseni ya gari dogo haitoshi, hata kama mtambo hautoki saiti.

Baada ya mwili, pima tabia. Mimi namuuliza swali ninalojua hana jibu lake, kwa mfano uzito wa baketi iliyojaa kokoto mbichi. Akisema "sijui, ngoja niulize", huyo anafundishika. Akinitajia namba ya kubuni bila kupepesa macho, huyo ndiye atakayekata bomba la maji la kijiji akidhani ni mzizi.

Kuhusu pombe usizunguke. Msimu wa ulanzi, Iringa na Njombe, mtu anakunywa jioni akiamini ni kinywaji chepesi, na saa moja asubuhi bado kimo kichwani. Weka kanuni tangu siku ya kwanza: anayenukia hapandi, siku hiyo hesabu yake imeisha, na kanuni hiyo impate hata opereta mkongwe unayemtegemea.

Hatua ya kwanza: wiki nzima chini, injini imezimwa

Vijana hawaipendi wiki hii, na wanaoivumilia ndio wanaokuja kudumu. Kazi yake ni kuuzunguka mtambo kila asubuhi, kuanzia mahali pamoja na kuelekea upande mmoja kila siku, ili jicho lizoee na kitu kilichobadilika kijitokeze chenyewe. Aangalie ardhi chini ya mtambo kama kuna matone, kisha cheni za kutembelea, meno na pini za baketi, jeki za haidroliki, hozi, vioo, honi, taa, kizima moto, oili, maji ya rejeta, na chombo kinachotenga maji na dizeli. Orodha ndefu ataikuta kwenye kitabu cha mtambo. Mambo matatu mfundishe kwa mkono wako.

La kwanza ni hozi. Hozi ikianza kutoa ukungu mwembamba wa oili, kijana atapeleka kidole kutafuta tundu. Mzuie hapo hapo. Haidroliki ya eskaveta ya tani 20 inafika presha ya karibu baa 350, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 na ushei. Oili inayochirizika kwenye tundu la ukubwa wa sindano inapita glavu na ngozi pamoja. Jeraha lenyewe linadanganya: linaonekana kama mdudu ameuma, damu kidogo au hakuna, na mtu anafuta mkono anaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba na kubadilika rangi, na asipofika kwa daktari wa upasuaji mapema anaweza kuupoteza. Tundu linatafutwa kwa kipande kirefu cha boksi au ubao, mkono ukiwa mbali. Na mtu akipigwa, anayempeleka hospitali aseme wazi kwamba oili ya presha imeingia chini ya ngozi, la sivyo atarudishwa na dawa ya maumivu.

La pili ni cheni, hasa kwa wanaofanya kazi Tukuyu na Busokelo. Rungwe inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake wa majivu ya volkano unajipakia kwenye meno ya gurudumu la kuendeshea na vigurudumu vya chini hadi cheni inakaza kama uzi wa gitaa. Ukiuacha ukauke, asubuhi mtambo unalia, na unachokisikia ni chuma kinachosagika. Usafishwe jioni, ungali mbichi, kwa sepetu. Kijana akitaka kulegeza cheni, ajue kwamba ndani ya kirekebishio cha cheni kuna grisi yenye presha kubwa: valvu inafunguliwa taratibu, isizidi mzunguko mmoja, na uso usikae mbele yake. Waliofungua kwa haraka wamepigwa na valvu yenyewe.

La tatu ni rejeta. Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, ambako maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na ukipanda Kitulo, juu ya mita 2,600, yanachemka chini ya hapo. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyazuia yasichemke mapema. Kikiwa kibovu, mtambo uliokuwa mzima Pwani utaanza kuchemsha Makete, na fundi atabadilisha pampu bure. Kifuniko cha moto hakifunguliwi, hata kwa gunia.

Hapo hapo mfundishe kupanda na kushuka: uso unatazama mtambo, na wakati wote mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika. Hakuna kuruka, hakuna kujivuta kwa liva. Asubuhi za umande Njombe ngazi inateleza kuliko barabara, na ajali nyingi za maopereta zinatokea pale ngazini, mtambo ukiwa umezimwa.

Hatua ya pili: kitini, bado injini imezimwa

Mkalishe, mfunge mkanda, mrekebishie kiti hadi mikono ifike kwenye liva bila mabega kunyanyuka. Halafu mwambie afumbe macho. Wewe unaita, yeye anasogeza liva za mkono mkubwa, ule unaotoka kwenye mwili wa mtambo, mkono mdogo, ule unaoshika baketi, na baketi yenyewe: "Mkono mdogo nje! Zungusha kushoto! Mkono mkubwa juu! Mwaga baketi!" Dakika ishirini asubuhi, ishirini mchana. Akianza kujibu bila kufikiri, na bila kukosea, ndipo injini iwashwe.

Kwenye mpangilio unaotumika zaidi, ule wa ISO, liva ya kushoto inabeba mkono mdogo na kuzungusha, ya kulia inabeba mkono mkubwa na baketi. Upo mpangilio mwingine, wa SAE, ambao mkono mkubwa uko kushoto na mkono mdogo uko kulia. Mitambo mingine ina swichi ya kuhamisha kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Hili linawaua watu hasa kwenye mitambo ya kukodi: opereta anashusha mkono kumbe ameutupa nje. Kanuni ni kwamba ukipanda mtambo wowote, hata uliouacha jana, sehemu iwe wazi, nyanyua baketi kidogo, jaribu kila liva kwa upole kabla ya kazi.

Kuna liva moja inayozidi zote, ile ya kufunga haidroliki, iliyo kushoto mwa kiti, mara nyingi nyekundu. Ikifungwa, hata ukigonga liva za kazi kwa koti mkono hausogei. Kijana aimbe kama wimbo wa shule: baketi chini, liva nyekundu imefungwa, ndipo mkanda ufunguliwe. Afanye hivyo hata kama anasimama tu kuchukua simu iliyoanguka. Simu yenyewe ikae na fomeni.

Na mkanda: watu wanasema unakwamisha mtu asiruke mtambo ukipinduka. Kuruka ndiko kunakoua. Kebini imejengwa ibebe uzito, mtu anayeruka anaangukia upande ule ule mtambo unakolala. Abaki ndani, amefunga mkanda, ameshika imara.

Hatua ya tatu: uwanjani

Tafuta kiwanja tambarare, mbali na nyaya na mbali na watu, kizungushie utepe. Resi iwe nusu. Mwalimu asimame mbele kushoto, nje ya mzunguko wa mkono, mahali ambapo kijana anamwona bila kugeuka. Asining'inie ngazini, maana kiti ni kimoja na ngazi si kiti.

Asubuhi za Juni na Julai, Makete na Njombe, kunapoweza kuwa na baridi ya barafu kwenye majani, injini iungurume dakika tano hadi kumi, kisha mikono ikunjwe na kukunjuliwa taratibu hadi oili ipate joto. Anayeanza kuchimba oili ikiwa nzito ataona mtambo mvivu, atakanyaga resi, na sili za jeki ndizo zitakazolipa.

Mazoezi yangu ni ya bei rahisi. La kwanza, achore mstari ardhini kwa jino la baketi, kuja kwake, mita nne au tano, kina kisizidi sentimita tano. Ukiona mstari unazama na kuibuka, bado anatumia liva moja moja. La pili, matairi chakavu matatu: ayanyanyue kwa jino na kuyapanga moja juu ya jingine. La tatu, azungushe na kusimamisha baketi juu ya kigingi bila mtambo kutikisika; ukiona cheni inanyanyuka upande mmoja au mkia unayumba, anafunga liva kwa ghafla. La nne ni mtaro, upana wa baketi, kina mita moja, urefu mita kumi, chini pawe sawa.

"Mzee, tayari."
"Pima."
"Nimeangalia, uko sawa kabisa."
"Macho ya kwako, futi ya mteja. Shuka upime."

Akipima atakuta katikati pamezidi sentimita kumi na mbili. Kila sentimita iliyozidi ni udongo uliochimbwa kwa dizeli na utakaorudishwa na kushindiliwa kwa dizeli nyingine, na mahali paliporudishwa hapawi imara kama paliposhikwa na Mungu.

Kosa moja la kutembea litamtokea kila mwanafunzi: kebini ikiwa imegeuka, pedali za mwendo zinafanya kinyume. Afundishwe kutafuta gurudumu lenye meno kabla ya kukanyaga. Likiwa nyuma yake, mbele ni mbele. Likiwa mbele yake, mambo yamegeuka.

Asikae kitini zaidi ya dakika arobaini kwa mkupuo. Baada ya hapo mikono inajifunza makosa.

Hatua ya nne: watu

Mtu akiniuliza somo lipi nisingeruka hata nikipewa siku moja, ni hili la chokaa. Mkalishe kijana kitini, injini imezimwa. Chukua kopo la chokaa, zunguka mtambo taratibu. Kila unapopotea machoni pake, na kwenye vioo pia, anapiga kelele, na wewe unanyunyiza chokaa unapokanyaga. Mkimaliza ashuke aangalie. Upande wa kulia na nyuma panakuwa peupe kama uwanja wa mpira, pana kiasi cha kumeza familia nzima. Kisha mwambie spana boi mwingine achuchumae ndani ya weupe ule, kijana arudi kitini amtafute. Hakuna hotuba itakayofanya kazi hiyo.

Baada ya hapo kanuni zinaeleweka bila kulazimishwa. Anayetaka kuukaribia mtambo asimame anapoonekana, asubiri macho yakutane, asubiri baketi iguse chini na haidroliki ifungwe, ndipo asogee. Kati ya mkia wa mtambo na ukuta, gari au kingo, ibaki angalau nusu mita hata ukizunguka. Ikiwa haiwezekani, ziba pale kwa utepe mtu asipite. Mshika bendera awe mmoja tu, mwenye reflekta ya rangi tofauti na wengine. Ishara ya kusimama, hata ikitolewa na mtoto wa jirani, inatiiwa.

Mtu anayesahauliwa kwenye mipango yote ya usalama ni mama ntilie. Saa nne na saa saba anafika na ndoo zake, anakata njia fupi, na njia fupi inapita nyuma ya eskaveta. Mtengenezee kibanda upande ambao hauhitaji kuvuka mitambo, na saa za kula mitambo yote izimwe kwa pamoja. Mjini, barabara inapopanuliwa huku magari na bodaboda zikipita pembeni, usitegemee utepe peke yake. Panga mzunguko wa mkono usiwahi kuvuka upande wa magari.

Kwenye kupakia, baketi haipiti juu ya kebini ya tipa hata mara moja, na dereva ama abaki ndani amefunga mlango au ashuke kabisa aende mahali mlipokubaliana. Anayesimama kwenye ngazi ya tipa akipiga soga ndiye anayeangukiwa na jiwe.

Hatua ya tano: nchi yenyewe

Mwanafunzi aliyefuzu kwenye tambarare ya Usangu hajafuzu Ludewa. Hapa mwalimu asiharakishe.

Mlima: panda na shuka moja kwa moja, usikate ubavu. Baketi iwe mbele, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, tayari kuchomekwa kama mtambo ukianza kuteleza. Usigeuze cheni katikati ya mteremko, na usizungushe baketi iliyojaa kuelekea bondeni. Udongo mwekundu wa Mufindi na Njombe mvua ikinyesha nusu saa tu unakuwa sabuni. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na Rungwe hadi Mei, fomeni awe na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kupiga simu kwa bosi. Ukungu wa Isyonje au Kitonga nao una kanuni yake fupi: mshika bendera asipoonekana, mkono unasimama.

Mtaro: mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu, mara nyingi zaidi, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mtaro ukizidi mita moja na nusu, na udongo si mwamba, mtu asiingie kabla kuta hazijalazwa au kuwekewa mihimili. Opereta ana haki ya kukataa kuchimba fundi bomba akiwa ndani. Mfundishe kukataa, na umuunge mkono siku ya kwanza atakapokataa mbele ya mteja.

Machimbo ya Chunya: marufuku kuchimba chini ya ukuta hadi unaning'inia. Ukuta usizidi urefu ambao baketi inafika kwa urahisi. Cheni zielekee ukutani moja kwa moja, magurudumu yenye meno yakiwa nyuma, ili ukiona vumbi linachuruzika juu unarudi nyuma bila kufikiria. Njia za tipa ziwe na tuta pembeni lenye urefu wa angalau nusu ya tairi la gari kubwa linalopita hapo.

Juu kuna nyaya. Kwa laini za kawaida za TANESCO, kilovolti 11 na 33, mkono usikaribie chini ya mita tatu. Kwa zile za minara mikubwa uliza kwanza na ukae mbali zaidi. Weka vigingi na utepe ardhini, maana opereta akiangalia baketi haoni waya. Ukiugusa waya, abaki kebini, awafukuze watu kwa kelele, ajaribu kuutoa mkono. Akilazimika kushuka kwa sababu ya moto, aruke miguu pamoja bila kushika mtambo, kisha aende kwa kuburuza nyayo bila kupiga hatua hadi awe mbali.

Chini kuna mabomba ya maji, mkongo wa mawasiliano, na kwenye ukanda wetu kuna bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kijana wa Makambako au Mbeya azitambue alama zake kama anavyozitambua nguzo za umeme. Karibu na hifadhi ya bomba hilo hakuna kuchimba bila wenyewe kuwepo, na mita ya mwisho ni ya sepetu.

Kupandisha mtambo kwenye lobedi, trela la kubebea mitambo, nako ni kazi ya mkongwe. Mwanafunzi aangalie tu, ajifunze kufunga minyororo. Lobedi ikiteremka Kitonga na mtambo uliofungwa vibaya, makosa yanaishia kwa watu wasiohusika.

Hatua ya sita: kasi inatoka wapi

Mabosi wengi wanadhani opereta mwepesi ni yule anayepiga resi. Chukua simu, rekodi dakika kumi za upakiaji, mkae naye muangalie. Tuseme tipa inabeba baketi kumi. Mtambo ukiwa juu ya tuta fupi, tipa chini yake, mkono unazunguka nyuzi 45 hadi 90, na kila baketi inachukua sekunde 18. Tipa ikiwa imesimama nyuma, mkono unazunguka nusu duara, sekunde zinafika 26. Tofauti ya sekunde nane mara baketi kumi mara tipa 40 kwa siku ni dakika 53. Ni karibu saa nzima ya dizeli iliyopotea kwa sababu tipa ilipaki vibaya, na opereta hakukosea liva hata moja. Kwa hiyo mfundishe kumpanga dereva wa tipa kabla ya kumfundisha haraka. Urefu wa tuta uwe kama urefu wa mkono mdogo.

Kuchimba kwenyewe, nguvu kubwa inapatikana mkono mdogo ukiwa karibu wima. Anayechimba akiwa amenyoosha mkono wote anajichosha na kuivuta cheni. Kupiga udongo kwa ubavu wa baketi, au kusawazisha kwa kuzungusha mkono kama fagio, kunamaliza gia za mzunguko.

Injini isiungurume bure. Eskaveta ya tani 20 ikikaa tu inakunywa kama lita tatu kwa saa. Saa mbili za kusubiri tipa kila siku ni zaidi ya lita 150 kwa mwezi. Ila baada ya kazi nzito ipewe dakika tatu hadi tano za kupoa kabla ya kuzimwa, tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, isikauke oili ikiwa ya moto. Injini za zamani zisizo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo katapila la mzee wako litakuwa legevu Mbeya kuliko lilivyokuwa Kilombero, na opereta asilaumiwe.

Andika kila siku lita zilizowekwa na saa za injini. Baada ya mwezi utajua mtambo wako unakula kiasi gani kwa kazi ipi. Namba ikipanda ghafla, kuna filta iliyoziba, opereta anayeharibu, au madumu yanayotoka saiti usiku. Mara nyingi unaanza kuchunguza filta na kukuta madumu.

Mitambo mingine, kwa ufupi

Loda: baketi iende chini, sentimita 40 kutoka ardhini, inyanyuliwe ukishafika kwenye tipa, inayokimbia imeinuliwa inapinduka kwenye kona. Rola: mtetemo uzimwe kabla mtambo haujasimama, la sivyo unachimba shimo, na kwenye ukingo wa tuta jipya usiusogelee. Buldoza: usisukume udongo hadi utumbukie bondeni, acha lundo la mwisho ukingoni, lundo linalofuata ndilo lilisukume. Greda ndiyo ngumu kuliko zote, na maoni yangu ni kwamba usimuanzishe mtu na greda. Mpe mwaka kwenye rola nyuma ya greda, ajifunze kusoma barabara.

Hatua ya saba: kumpima na kumpa mtambo

Daftari la kila mwanafunzi liwe na saa alizokaa kitini, kazi aliyofanya, aliyemsimamia, na sahihi. Mimi simuachi mtu peke yake kabla ya saa 80 hadi 120 zilizoandikwa, na mtahini asiwe yule aliyemfundisha. Mtihani uwe saiti: ukaguzi wa asubuhi akiongea kwa sauti, mtaro uliopimwa kwa futi, tipa tano, kushuka mteremko, na jambo moja la kushtukiza, kama mtu kuingia kwenye mzunguko. Asiposimamisha mkono papo hapo, amefeli, hata kama mtaro ni kama umechorwa kwa rula.

Akifaulu, andika ni mtambo gani na kazi gani ameruhusiwa. Eskaveta haimruhusu greda, na kuchimba hakumruhusu kunyanyua makalavati kwa mnyororo. Kunyanyua kunataka kusoma jedwali la uzito na kutumia minyororo iliyokaguliwa.

Usimuache bila cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu anapimwa anachojua, anaongezewa kinachopungua, anapewa cheti. Waulize kama mitambo yako imo kwenye fani wanazopima kwa sasa. Taasisi ya Teknolojia ya Ujenzi, ICoT, yenye kampasi Morogoro na Mbeya, nayo iulizwe ina kozi gani za mitambo. Beba lile daftari lenye sahihi. Litamtofautisha na mtu anayekuja na maneno matupu. Ndiyo, akipata cheti anaweza kuhama. Mlipe vizuri.

Miezi mitatu ya kwanza mtembelee bila taarifa, simama mbali dakika kumi kabla hajakuona. Angalia mkanda, angalia baketi inalala wapi mtu anaposogea, angalia kama spana boi wake mpya amesimama ngazini. Akiwa amesimama ngazini, simamisha kazi, washushe wote wawili, na opereta wako arudie somo la chokaa akiwa yeye ndiye anayeshika kopo.